Bibi Aliyekalia Mikono Yake

Bibi yangu, Swaumu binti Mwinyijuma, alikuwa na uwanja unaofagiliwa mara mbili kwa siku na sheria moja tu: hakuna anayeukanyaga bila kubisha hodi. Wala haikuwa ile hodi ya mtu anayesema hodi huku ameshaketi. Ulitakiwa usimame kwenye mkorosho wa kwanza, ubishe, unyamaze, usubiri. Kama Bibi alikuwa anasonga ugali, ulisubiri mpaka ugali uive.

Watu wa Masaki, huku kwetu Kisarawe, wanasimulia hadi leo habari za Bwana Shamba wa Kiingereza aliyekuja kukagua mihogo, akaingia uwanjani moja kwa moja na mabuti yake, karani akimfuata nyuma. Bibi alimtazama juu mpaka chini, akamgeukia karani. "Mwambie bwana wako arudi pale kwenye mkorosho." Karani akatafuta maneno laini ya kutafsiria, akayakosa, akanyoosha kidole tu. Bwana Shamba alirudi, akavua kofia, akabisha hodi kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Bibi akamkaribisha, akampa kigoda na dafu, na mihogo ikakaguliwa kwa amani.

Nayasema haya mapema ili mjue ni mtu wa namna gani aliyekwenda kufanya aliyoyafanya kisiwani. Mimi nilikuwa bado sijazaliwa. Nimeyasikia kwa Bibi mwenyewe, kwa mama yangu Zena, na kwa bibi yangu wa upande wa baba, Mwanamvua. Wote watatu wanakubaliana, isipokuwa kwenye idadi ya mayai.

Mama yangu aliolewa mbali. Baba, Mfaume, alikuwa mtu wa Mikadini, kisiwa kidogo ambacho ukikizunguka asubuhi unarudi ulipoanzia kabla chai haijapoa. Alikuja Kisarawe kuuza nazi, akamwona Zena, nazi zikasahauliwa. Bibi hakupendezwa na umbali, lakini kijana alikuwa na adabu na alibisha hodi vizuri. Hilo lilimsaidia kuliko mahari.

Mwaka wa pili habari zikaletwa kwamba Zena ana mimba ya miezi minne. Bibi hakushangilia kama wengine. Aliketi chini akaanza kuhesabu kwa vidole. Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa binti. Mwezi wa saba binti hurudi kwao, akajifungulia mikononi mwa watu anaowajua. Bibi mwenyewe hakuipata haki hiyo. Aliolewa Mlandizi, jirani na mto Ruvu, na mama mkwe wake akamzuia kurudi. Alijifungua mbele ya wanawake asiowajua hata majina, kila mmoja akiamuru lake, na mtoto wake wa kwanza hakufika siku ya saba. Zena alikuwa wa pili, na hakukuwa na wa tatu. Bibi alikuwa ameapa tangu Zena akiwa mgongoni kwamba huyu atazalia Masaki.

Kwa hiyo akaingiza tetea wawili wazuri kwenye tenga, maana mtu haendi kwa mkwe mikono mitupu, akapanda lori la nazi mpaka Dar es Salaam, na kutoka pale akapanda mashua. Alitapika njia nzima. Tetea mmoja akataga safarini, jambo ambalo Bibi alilihesabu kuwa dalili njema.

Ufukweni alipokelewa na Bibi Mwanamvua, mwanamke mrefu, mpole wa maneno, mwenye macho ya kucheka. Sasa ni lazima niwaambie kwamba watu wa kule na sisi ni watani. Mtani anaweza kukunyang'anya kofia msibani ukacheka. Basi kabla Bibi hajakanyaga mchanga mkavu, Mwanamvua alikuwa ameshachukua bunda lake la nguo. "Huu ni ushuru wa kisiwa. Mzaramo haingii bure." Bibi, pamoja na kichefuchefu chake, akamvua kandambili moja na kuondoka nayo.

Siku tatu zilikwenda hivyo. Mwanamvua alimwambia kuwa nazi za Mikadini huwadondokea wageni kutoka Kisarawe tu. Alimwambia kuwa mgeni lazima akisalimie kisima kabla ya kuteka maji, na kwamba samaki wa kule hawaliwi na mtu anayekoroma. Bibi alimjibu kwa yake, na wanawake wa kisiwa walikuwa wakiacha kazi zao kuja kuwasikiliza.

Kwenye jambo la Zena, hata hivyo, Mwanamvua hakufanya utani. Bibi alipomwomba rasmi aondoke na binti mwezi wa saba ukifika, yeye aliacha kucheka. "Huyu ni mjukuu wangu wa kwanza, mkwe," alisema. "Niachie nifikiri." Bibi aliachia, lakini usingizi ulimpungukia tangu siku hiyo.

Siku ya nne Mwanamvua alimchukua mpaka upande wa mashariki, penye ufukwe mweupe ambao haukuwa na hata alama ya mguu. Kando ya miti ya mikadi palikuwa na gogo. "Hapa ndipo mwisho wa mgeni," Mwanamvua alisema. "Huku ni kwa kasa, wanakuja kutaga. Ukitaka kuwatazama, simama hapa, upepo ukupige usoni, ubishe hodi. Kaa wote watakimbilia mashimoni. Usubiri. Wakitoka tena, ujue umekaribishwa, ukae kwenye gogo. Usiwashe moto, usivuke gogo, usiguse kitu."

Bibi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Hodi kwa kasa! "Na wao wana vigoda vya kunikalisha?" aliuliza. Mwanamvua naye akacheka, kwa sababu swali lenyewe lilikuwa la kuchekesha. Miaka mingi baadaye alikuwa akisema kwamba hapo ndipo alipokosea yeye. Alipaswa kukunja uso.

Bibi akaiweka habari ya kasa pamoja na ile ya nazi na ya kisima.

Asubuhi ya siku ya sita, baada ya sala ya alfajiri, Bibi alitoka kutembea kwa sababu mawazo ya Zena yalikuwa yakimbana kifuani. Alifika mashariki kukiwa kumeshapambazuka. Akalivuka gogo bila kulitazama. Kwenye mchanga aliona njia pana ya mburuzo, na mwisho wa njia, kasa mkubwa akijisukuma majini. Gamba lake lilikuwa na pengo nyuma, upande wa kushoto. Wimbi moja likamfunika, la pili likamwondoa.

Bibi alifuata mburuzo kinyumenyume mpaka penye mchanga uliochimbuliwa. Akachutama akafukua. Kiasi cha mkono mpaka kiwiko akakuta mayai, meupe, ya mviringo, laini ya kubonyea, mengi kuliko aliyowahi kuyaona pamoja. Na kilichompanda ni hasira. Yeye alikuwa mfugaji wa kuku, anajua kuku mama anavyolala juu ya mayai siku ishirini na moja hali kushiba wala hanywi kukata kiu. Huyu ametaga, amefukia, amekwenda zake kuoga. Mama gani huyu? Akatandika kanga yake ya juu na kuanza kuyahamisha, huku akimsema kasa kwa sauti.

Mtu mmoja angeweza kumzuia, nalo ni jambo ambalo baba yangu hakupenda kukumbushwa. Alikuwa anapita kuelekea mitegoni. Akamwona mama mkwe wake kwa mbali, amechutama ufukweni alfajiri, amempa mgongo. Wala hakujiuliza mara mbili. Akafikiri amekwenda haja. Akageuza uso, akakata kona, akazunguka kisiwa kizima upande wa pili ili mkwe wake asije akajua ameonekana. Hivyo ndivyo heshima ilivyotuponza.

Bibi alirudi na mzigo wake, akamwendea yule tetea aliyekuwa ameanza kuatamia, akamwekea mayai kumi na tano. Mengine akayapanga kwenye ungo wenye mchanga karibu na jiko, yapate joto. Tetea alinyanyuka, akayatazama, akayageuzageuza kwa mdomo, kisha akakaa, maana kuku hana makuu. Bibi akaosha mikono, akijisikia mtu aliyefanya jambo la maana.

Mwanamvua alipotoka na kuuona ule ungo, hakupiga kelele. Alisimama. Zena, aliyekuwa akipepeta mchele, anasema alimwona mama mkwe wake akibadilika rangi ya midomo.

"Mkwe," alisema, "umeyatoa wapi?"

"Kule kwenye gogo lako. Mama yao ameyatupa."

"Alikuwa na pengo kwenye gamba?"

"Alikuwa nalo. Kumbe mnamjua?"

"Mama yangu alinionesha huyohuyo nikiwa mwali," Mwanamvua alisema. "Kila baada ya miaka michache anarudi, hapohapo. Kasa hatagi popote tu. Anarudi kutaga kwenye ufukwe alikototolewa. Yaani huyu amekuja kwao kujifungua." Alimtazama Zena, kisha akamtazama Bibi. "Na wewe umetoka Kisarawe mpaka hapa kuniomba nini?"

Bibi akautazama ungo. Mama yangu anasema alitamani kucheka na kulia kwa pamoja.

"Nilidhani ni utani," Bibi alisema hatimaye.

"Kule Ruvu ulikoolewa kulikuwa na viboko. Ulikuwa unafanyaje ukienda kuteka maji?"

"Nasimama mbali. Nakohoa. Nasubiri wasogee."

"Kwa nini?"

"Wana meno."

"Basi ile haikuwa adabu, mkwe. Ule ulikuwa woga."

Hawakupoteza muda zaidi. Mwanamvua aliyachukua mayai moja moja bila kuyapindua, wakarudi ufukweni, wakabisha hodi kwenye gogo, wakasubiri kaa watoke, kisha akachimba shimo jipya lenye kina kilekile na kuyafukia. Yale kumi na tano ya chini ya tetea aliyafukia kando peke yake, kwa sababu yalikuwa yamekwisha kugeuzwageuzwa na kuku, na yai la kasa likigeuzwa sana huharibika. Halafu akajipangusa mchanga.

"Leo nilikuwa nikwambie umchukue Zena," alisema. "Nilishaamua jana. Sasa siwezi. Nitamkabidhi vipi binti mwenye mimba kwa mtu ambaye mkono wake hautulii? Tukae hapa, mimi na wewe. Ni kama siku hamsini na tano mpaka yatotolewe, na mwezi wa saba wa Zena utakuwa unaingia. Nikikuona umeweza kuuacha uzazi wa mwenzio ujiendee wenyewe, utaondoka naye. Ukishindwa, atazalia hapa, nami nitamwangalia kama wangu."

Bibi angeweza kugomba. Alikuwa na ulimi wa kugomba. Lakini alifikiria mwenyewe jinsi angemfanya mtu aliyeingia uwanjani kwake bila hodi na kuondoka na vifaranga vyake kwenye kanga, na akaona kwamba mtu huyo asingepewa hata nafasi ya siku hamsini na tano.

Basi akakaa. Kila asubuhi na kila alasiri, kwenye gogo, upepo usoni. Wiki ya kwanza ilikuwa adhabu tupu. Bibi hakuwahi kukaa bila kushika kitu tangu azaliwe. Akichukua ukili wa kusuka, Mwanamvua anauondoa, kwa sababu mkono unaochezacheza unawatisha ndege. Mwishowe Bibi akagundua dawa yake: aliikalia mikono. Aliiingiza chini ya mapaja, akatulia.

Na mikono ilipotulia, macho yakaanza kazi. Aliona kwamba kaa hatoki shimoni mzima mzima, anatanguliza macho. Aliwaona vitwitwi, wale ndege wadogo wa pwani, wakikimbilia wimbi linaporudi na kulikimbia linapokuja, siku nzima, bila kulowa hata mmoja. Kuna siku pomboo walipita karibu mno hata akasikia wanavyopumua, akamshika Mwanamvua goti. Alipofika siku ya ishirini alikuwa anabisha hodi kwa sauti ya chini kuliko ya Mwanamvua, na kaa walikuwa wanatoka upesi zaidi. Hilo alijivunia waziwazi. Wakati mwingine alikuwa akisema kwamba zile ndizo siku alizopumzika kuliko zote maishani mwake, ingawa hakusahau kilichowekwa rehani.

Siku ya thelathini na kitu, burukenge alitokea kwenye mikadi akaanza kunusa mchanga, karibu kabisa na mayai. Bibi akainuka nusu. Mwanamvua hakumzuia kwa neno. Alimtazama tu. Burukenge akachimba kidogo, akaacha, akachimba pengine. Bibi akakaa tena taratibu, jasho likimtiririka. Burukenge akapiga chafya ya mchanga na kwenda zake.

"Angeyapata?" Bibi aliuliza.

"Mwaka mwingine huyapata," Mwanamvua alisema. "Na yeye yuko kwao."

Siku ya hamsini na tano haikutokea kitu. Ya hamsini na sita, hakuna. Ya hamsini na saba Bibi hakula. Zena tumbo lilikuwa limekwisha kujitokeza mbele, na nahodha wa mashua alikuwa ameshauliza mara mbili kama kuna abiria.

Siku ya hamsini na nane mvua ilinyesha alfajiri, mchanga ukapoa. Walikuwa wamekaa kwenye gogo, nguo zimewaganda mwilini, mawingu yamezuia jua, Bibi alipoona mchanga ukidondokea ndani. Shimo dogo la kuingia kidole. Kisha kichwa cheusi. Kisha vichwa saba, kisha ikawa mchemko, vitoto vya kasa vikipandana migongoni na kumwagika kuelekea baharini, kila kimoja kikijisukuma kwa vijikono vyake.

Bibi alilia. Alisema hivyo mwenyewe na hakuona haya. Alilia huku amekalia mikono.

Kimoja kilipotea njia. Badala ya kushuka kilipanda, kikaja moja kwa moja penye gogo, kikaparamia mguu wa Bibi, kikakwama katikati ya vidole, kikapinduka chali. Tumbo jeupe juu, vijikono vinapiga hewa. Shakwe walikuwa wameanza kuzunguka. Ingetosha kidole kimoja. Mama yangu, aliyekuwa amesimama nyuma ya mikadi, anasema Bibi aliikandamiza mikono yake kwa uzito wake wote. Mwanamvua hakuwatazama kasa hata kidogo. Alikuwa anamtazama Bibi.

Kitoto kilipiga, kikapumzika, kikapiga tena. Mara ya nne kikajigeuza. Kikageukia mwanga wa maji, kikashuka, kikafuata wenzake.

"Kafunge mizigo ya Zena," Mwanamvua alisema. Ndipo naye akapangusa macho.

Yale kumi na tano hayakutoka. Bibi alikwenda kuaga pale yalipofukiwa, na hata uzeeni mtu akimsifia kuku wake alikuwa akiyataja. "Nilikwisha kuua kumi na tano kwa huruma," alikuwa akisema.

Mama alirudi Masaki mwezi wa saba, kama inavyotakiwa. Mwezi wa tisa ulipoingia, asubuhi moja ikasikika hodi kwenye mkorosho. Ilikuwa ya chini, na baada yake kimya. Bibi alikuwa anapura mtama. Aliuacha hapohapo, akatoka mbio. Mwanamvua alikuwa amesimama palepale panapotakiwa, kandambili mkononi, akitazama kuku.

"Nasubiri kuku wako warudi uwanjani," alisema, "ndipo nijue nimekaribishwa." Watu wa jirani hawakuelewa wale wazee wawili walikuwa wanacheka nini.

Siku ya nne uchungu ulimshika mama. Mkunga alikuwa Mwamini, aliyezalisha nusu ya Masaki, na aliyekuwa amejiandaa kwa vita. Alimjua Bibi. Kwenye uzazi wa watu wengine Bibi huingia, hutoka, huamuru maji, hukosoa maji, humwambia mkunga namna ya kushika. Na huyu ni mwanawe wa pekee, mwenye mimba aliyoisubiri tangu alipompoteza mtoto wa kule Mlandizi. Mwamini alifunga mlango kwa kitasa na kwa kinu.

Asubuhi ikapita. Adhuhuri ikapita. Ndani mama alikuwa akilia, kisha akanyamaza, kisha akalia tena. Nje hakukusikika hodi, wala ushauri, wala mtu kugonga. Mwamini akaingiwa na wasiwasi. Akafungua dirisha kidogo, akamwita Mwanamvua aliyekuwa kwenye kibaraza.

"Swaumu yuko wapi? Mbona kimya? Ameanguka?"

Mwanamvua alimtazama mwenzake aliyekuwa ameketi kwenye kigogo cha mnazi karibu na ukuta, uso kwenye upepo, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

"Yupo," alisema. "Amekalia mikono yake."

Saa tisa alasiri nikazaliwa. Waliniita Mwamvita. Mama anasema Bibi alisubiri hata baada ya kunisikia nalia, mpaka Mwamini alipofungua mlango na kumwambia karibu.